Mwanafunzi wangu amekosa alama tatu za kipimo cha akili. Nimwongezee?

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tano. Naomba usitaje jina langu wala la shule, maana ninaowasema humu ni watu ninaokaa nao chumba kimoja cha walimu kila siku.

Muhula huu uongozi wa shule ulinunua kipimo cha akili. Ni kijitabu cha maswali ya kuchagua jibu: kumalizia safu za maumbo, kutafuta namba inayofuata, kuoanisha maneno. Watoto wangu wote 46 walikifanya asubuhi moja, ndani ya saa moja, kwa lugha ya kufundishia ambayo karibu nusu yao hawaitumii nyumbani. Tunasahihisha wenyewe kwa majibu yaliyokuja na vijitabu, kisha tunapitisha alama kwenye jedwali na kila mtoto anatoka na namba moja. Muhula ujao namba hiyo ndiyo itakayowagawa katika mikondo. Wa 115 kwenda juu ni A, wa 85 hadi 114 ni B, walio chini ya 85 ni C. Mkondo C watafundishwa kusoma, kuandika na hesabu za msingi tu. Sayansi ya vitendo hawatakuwa nayo "mpaka watakapokuwa tayari". Nani atawapima huo utayari, na lini, sijasikia.

Watoto 12 wa darasa langu wanaangukia C. Mmoja wao ni msichana nitakayemwita Tunu. Amepata 82.

Tunu husoma polepole. Kidole chini ya mstari, midomo ikicheza, na akifika mwisho wa aya wenzake wameshafunga vitabu. Daftari lake limechanika kwa kufutafuta. Hayo sitaki kukuficha. Lakini muhula uliopita niliwatoa nje wakatafute eneo la kiwanja cha shule, na kiwanja chetu hakina umbo la maana: upande mmoja umekatwa na njia, mwingine umepinda kufuata ukuta. Watoto wanaoongoza kwa hesabu walisimama wakaniambia haiwezekani, Mwalimu, hiki si mstatili. Tunu alikuwa amechuchumaa pembeni, anachorachora mchangani kwa kijiti. Akaja akasema, "Tukikate kwanza." Akaomba kamba, akawasimamisha wenzake kwenye kona badala ya vigingi, akakigawa kiwanja kuwa mstatili mmoja na pembetatu nne. Alipofika kwenye ile sehemu iliyopinda akanyoosha kamba juu yake na kusema, "Hapa tutakosea kidogo, lakini jibu letu litapungua, halitazidi." Mshauri, sikuwa nimemfundisha hayo. Wala sikuwa nimepanga kuyafundisha mwaka huu.

Sasa shida yangu ni hii. Vijitabu bado viko kwangu na orodha naiwasilisha wiki ijayo. Kijitabu cha Tunu kina majibu mawili yaliyofutwa na kuandikwa upya, hayasomeki vizuri. Nikiamua kuyahesabu kuwa sahihi, jedwali linampa 85 na anaingia B. Hakuna atakayejua. Mwenzangu mmoja aliniambia bila kuficha, "Alama tatu ni kitu gani? Mpe mtoto." Mwingine akasema, "Tia saini yaishe. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, atajipata huko mbele."

Mwalimu mkuu nilimwendea. Si mtu mbaya, na anasema kweli kwamba darasa lenye watoto wanaotofautiana hivi linatuua walimu na wale walio nyuma wanazama kimyakimya. Nikamweleza habari ya kiwanja. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, wewe unampenda yule mtoto. Kipimo hakimpendi mtu wala hakimchukii mtu." Nilikosa la kujibu, na mpaka leo sina.

Mengine yameshaanza. Namba zimevuja. Nikiuliza swali gumu darasani, watoto wanageuka kuwatazama waliopata nyingi kabla hawajafikiri wenyewe. Mvulana mmoja, nimwite Hamza, alipata 131, na tangu siku hiyo hagusi swali asilokuwa na uhakika nalo. Juzi alirudisha karatasi ya hesabu upande wa pili ukiwa mtupu, akasema alisahau kugeuza. Nilimwona akigeuza.

Na mama yake Tunu amesikia fununu. Alinisubiri langoni, si kwa ugomvi. Aliniuliza kama afadhali aanze mapema kumtafutia binti yake fundi wa kumfunza kazi ya mikono, kwa kuwa "vitabu vimemkataa".

Nimwongezee hizo alama? Nikatae kuwasilisha orodha nzima? Au mwalimu mkuu ana haki, na mimi ninaona ninachotaka kuona?

Mwalimu wa darasa la tano


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mwalimu.

Nianze na neno lililokunyamazisha, kwa sababu naona ndilo linalokukereketa kuliko hizo alama tatu. Kipimo hakimpendi mtu wala hakimchukii mtu. Wewe umelipokea kama kukanywa kwa upole. Mimi naona lina ukweli ndani yake, na ukiukubali utaweza kuzungumza na mwalimu mkuu vizuri zaidi.

Kipimo cha kwanza cha namna hii kilitoka Paris mwaka 1905, kazi ya mwanasaikolojia Alfred Binet na daktari Théodore Simon. Mwaka mmoja kabla yake serikali ya Ufaransa ilikuwa imeunda tume ya kutafuta jinsi ya kuwatambua watoto wanaoshindwa kwenda na darasa la kawaida. Binet hakuziamini kauli za jumlajumla za walimu na madaktari, kwa kuwa mtoto yuleyule aliweza kuitwa hivi na huyu na vile na yule. Wala si mambo ya kale tu. Katika wilaya moja kubwa ya shule huko Florida, Marekani, ilikuwa walimu na wazazi ndio wanaopendekeza nani apimwe ili aingie programu ya watoto wenye vipaji. Wilaya ilipoanza kuwapima watoto wote wa darasa la pili, watoto maskini, Weusi na wa asili ya Kihispania waliofuzu waliongezeka sana. Wachumi David Card na Laura Giuliano walichapisha uchambuzi wa jambo hilo mwaka 2016. Watoto hao walikuwa wamekaa madarasani siku zote. Walimu wao, watu wa nia njema kama wewe, hawakuwa wamewaona.

Kwa hiyo jicho la mwalimu nalo ni kipimo, na lina makosa yake. Sisemi hivi ili uanze kukitilia shaka ulichokiona uwanjani. Nasema kwa sababu ya jambo moja katika barua yako. Tunu umenisimulia mpaka nimeiona ile kamba. Wale wenzake 11 wa mkondo C sikupata hata jina la kubuni la mmoja wao. Je, hawana la kusimuliwa, au hawajapewa bado kazi ya kuwaonyesha? Na katika hao 11, yuko aliyepata 83 au 84? Maana ukimvusha wa 82 ukamwacha wa 84, utakuwa umefanya kilekile mwalimu mkuu alichokushuku.

Tuje kwenye namba zenyewe. Vipimo vingi vya IQ, yaani vya akili kama hiki chenu, hutengenezwa ili wastani uwe 100, na hatua ya kawaida ya alama kutawanyika juu au chini ya wastani iwe 15. Ndiyo maana shule yenu ikapata 85 na 115: kati ya namba hizo huangukia takriban theluthi mbili ya watu. Chini ya 85 wanatarajiwa wawe kama asilimia 16. Katika darasa la watoto 46 hao ni saba hivi. Wewe unao 12. Darasa moja ni dogo na linaweza kwenda kombo kwa bahati tu, basi usilishike hilo kama ushahidi. Lakini ni swali zuri la kumpelekea mwalimu mkuu: jedwali hili lilitengenezwa kwa watoto wa wapi, waliokuwa wakiongea lugha gani? Na kabla hujaenda, kaa na orodha yako uangalie jambo moja. Katika hao 12, ni wangapi wanatoka katika ile nusu isiyoitumia lugha ya kipimo nyumbani? Wakiwa 10, una mazungumzo tofauti kabisa na yale ya kuwa unampenda mtoto mmoja.

Kisha zile alama tatu. Hata vipimo vile ambavyo mwanasaikolojia hukaa na mtoto mmoja mezani, akamsomea maswali na kumpa pumzi, haviripotiwi kwa namba tupu. Mtoto aliyepata 82 huandikiwa kwamba alama yake halisi yaelekea kuwa kati ya 77 na 88 hivi. Hicho ni chombo bora, chumba kimya, mtoto mmoja. Kijitabu cha darasa zima, asubuhi moja, hakiwezi kuwa makini kuliko hapo. Kwa hiyo 82 na 85 ni namba ambazo kipimo chenyewe hakiwezi kuzitofautisha kwa uhakika, na hilo si maoni ya mwalimu mwenye huruma. Ni hesabu za watengenezaji wa vipimo wenyewe. Kipimo chenu kikiwa na mwongozo, fungua sehemu inayoeleza makosa ya upimaji uisome. Kikiwa hakina mwongozo, hilo nalo mwalimu mkuu anastahili kulijua.

Mistari ya namna hii, ya alama za kuvuka au kubaki, imeshakata watu wengi. Mwanasaikolojia Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza mwaka 1921 kukusanya watoto zaidi ya 1,500 wenye alama za juu, akawafuatilia maisha yao. Miongoni mwa waliopimwa wakaachwa kwa kutofikia mstari wake walikuwamo William Shockley na Luis Alvarez. Wote wawili baadaye walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja mwaka 1956, mwingine mwaka 1968. Hao 1,500 wa Terman wengi walifanya vizuri maishani, nami sitaki kukuficha hilo. Alama za IQ hubashiri matokeo ya shuleni kuliko mambo mengi mengine tunayoweza kuyapima kwa saa moja. Ila zinabashiri sehemu tu, na huwa dhaifu zaidi hasa pale mnapotaka kuzitumia: kumwamulia mtoto mmoja aliye karibu na mstari.

Unajua kinachonishangaza katika mpango wa shule yenu? Si kipimo. Ni mkondo C. Binet alitafuta watoto wa kuongezewa. Aliwatungia mazoezi ya umakini na kumbukumbu, na mwaka 1909 akaandika kuwapinga waliosema akili ya mtu ni kiasi kisichobadilika. Mkondo C unawatafuta watoto hao hao ili uwapunguzie. Mtoto anayesoma polepole ananyang'anywa sayansi ya vitendo, pengine somo pekee ambalo kusoma polepole hakumzuii kufikiri. Hapo mimi ningekaa muda mrefu zaidi kuliko kwenye alama tatu, kwa sababu hata ukimtoa Tunu, wale wengine 11 wanabaki ndani.

Sasa mwenyewe Tunu. Unasema anafuata mstari kwa kidole na anamaliza wa mwisho. Huyo huyo akatazama umbo lisilo na jina, akalivunja kuwa maumbo anayoyajua, kisha akasema jibu litapungua wala halitazidi. (Nina marafiki wenye shahada wasiojua wamekosea upande gani, na hawaulizi.) Pengo la namna hiyo kati ya kusoma na kufikiri lenyewe ni habari. Kipimo cha maandishi chenye saa ukutani kinampima kwanza kasi ya kusoma, kisha kinachobaki ndicho kinapima kufikiri. Ameshapimwa macho? Masikio? Kuna watoto wenye ugumu mahususi wa kusoma, disleksia, ambao akili yao haina tatizo lolote na ambao husaidika wakifundishwa kwa utaratibu unaowafaa. Sisemi Tunu anao. Mtoto hapimwi kwa barua. Nasema namba moja, 82, imeyachanganya mambo mawili ambayo wewe umeyaona yametengana, na ndiyo maana wanasaikolojia makini hutazama alama za kila sehemu ya kipimo kabla ya jumla. Hata kijitabu chenu unaweza kukitazama hivyo. Kwenye safu za maumbo alipata ngapi? Kwenye maneno je?

Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha jambo walilolikuta Recife, Brazili. Walijifanya wanunuzi kwa watoto watano waliokuwa wakiuza vitu mitaani, wakawauliza bei za vitu kadhaa kwa pamoja na chenji. Watoto walipatia asilimia 98. Baadaye wakawapa hesabu zilezile zimeandikwa kama za shuleni, namba tupu kwenye karatasi. Walipatia asilimia 37. Miaka michache kabla, mwanasaikolojia Robert Serpell aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza maumbo ya kunakili. Kwa kalamu na karatasi Waingereza waliongoza. Kwa waya, ambao watoto wa Zambia walizoea kuutengenezea vigari vya kuchezea, Wazambia waliongoza. Kwa udongo wa kufinyanga, waliozoea wote, wakawa sawa. Ukiwapa watoto kitu kimoja tu cha kuonyeshea wanachojua, umeshaamua nani ataonekana kabla hujaanza kupima.

Lakini hapo ndipo ninapotaka twende taratibu, kwa sababu ya mwenzako wa "akili ni nywele" na kwa sababu ya yule mama pale langoni.

Methali hiyo naipenda. Ila naisikia ikisemwa zaidi pale mtu anapotaka kufunga mazungumzo. Kila mtu ana zake, basi, twende zetu. Walimu wengi wamesoma kuhusu Howard Gardner, mwanasaikolojia wa Marekani aliyependekeza mwaka 1983 kwamba akili si moja bali ni saba, ya lugha, ya hesabu na mantiki, ya muziki, ya mwili, ya nafasi na maumbo, ya kuelewa wengine na ya kujielewa, kisha baadaye akaongeza ya kuelewa viumbe na mazingira. Mchango wake ulifumbua macho ya shule nyingi. Wanasaikolojia wengi hata hivyo hawakubali kwamba ni akili zilizotengana, kwa sababu tangu utafiti wa mwanasaikolojia Charles Spearman mwaka 1904 imeonekana kwamba anayefanya vizuri jambo moja la kufikiri huelekea kufanya vizuri na mengine. Na lile la kwamba kila mtoto ana "mtindo wake wa kujifunza", huyu kwa kuona, yule kwa kusikia, na ufundishaji ufuate mtindo huo, lilichunguzwa na jopo la wanasaikolojia mwaka 2008, wakakuta halina ushahidi wa kutosha. Nakwambia haya ili usiende kwa mwalimu mkuu na silaha itakayovunjika mkononi. Ukimwambia Tunu ana "akili ya maumbo", atakuuliza umeipimaje, na atakuwa na haki ya kuuliza. Ukimwonyesha alichofanya, kwa tarehe, na mchoro wa kiwanja ukiwepo, hana cha kupinga isipokuwa uzito wake.

Tena iko hatari nyingine. Tunamnasua mtoto kwenye kisanduku cha "mzito" tunamtumbukiza kwenye cha "huyu ni wa mikono". Mama yake ameshafika huko, tena kwa upendo. Kazi ya ufundi ni kazi yenye heshima na huenda siku moja Tunu akaipenda. Lakini ulichokiona hakikuwa kazi ya mikono. Ilikuwa hesabu, iliyofanywa kwa kamba kwa sababu kamba ndiyo iliyokuwapo. Wale watoto wa Recife nao, pamoja na umahiri wao, wasingefika kwenye aljebra bila mtu wa kuwavusha kutoka chenji ya mtaani hadi alama za kwenye karatasi. Kipaji cha Tunu kinadai afundishwe kusoma kwa bidii zaidi. Hakimsamehe kusoma.

Njia ulizozitaja nizipitie, pamoja na moja usiyoitaja.

Kumwongezea alama kimyakimya kunamsaidia mtoto mmoja, muhula mmoja, na sidharau hilo. Hatari yake ni kwamba ushahidi wako wote kuhusu watoto hawa unategemea kuaminika kwako, na siku moja vijitabu vikiombwa, hata habari ya kiwanja itaonekana umeitunga. Tena B ya kughushi haimfundishi kusoma. Yale majibu yasiyosomeka yana njia yake ya wazi: mwombe mwenzako asahihishe upya kila kijitabu chenye majibu yaliyofutwa, majina yakiwa yamefunikwa. Huenda Tunu akapata 85 kihalali. Huenda asipate, nawe ujiandae kwa hilo.

Kukataa orodha ni haki yako ya dhamiri, na kuna walimu wamefanya hivyo wakalala usingizi. Fikiria tu nani ataiandika badala yako, na kama huyo ataijua habari ya kamba. Fikiria pia kibarua chako. Mimi siko hapo, na ni rahisi sana kuwa shujaa kwa kalamu ya mwenzako.

Kuwasilisha namba kama zilivyo huku kila jina la C limeambatana na nusu ukurasa wa ulichokiona, hiyo ni kazi nzito kwa wiki moja na inaweza kuishia kwenye droo. Lakini itakulazimisha kuwatazama wale 11. Hutahitaji kiwanja kwa kila mmoja. Kazi moja ya kuvunja kitu na kukiunganisha, moja ya kueleza kwa mdomo bila kuandika, moja ya kupanga watu. Siku chache tu, na daftari mkononi. Utakuta mengine ya kukufurahisha, na utakuta pia mtoto mmoja au wawili ambao kipimo kimewaona sawasawa na wanahitaji msaada mkubwa. Hao nao uwaandike kwa ukweli uleule.

Na ipo ya kuzungumza na mwalimu mkuu kuhusu mpango wenyewe, kwa kuanzia na tatizo lake. Wanaozama wanazama kweli. Shirika la Pratham la India limefanya kazi miaka mingi na shule za umma kwa njia inayokaribiana na yenu, ila inatofautiana pale penye uzito: watoto wanapangwa kwa jinsi wanavyosoma na kuhesabu sasa, si kwa akili, wanakaa kwenye makundi hayo saa moja au mbili kwa siku, na mtoto akipiga hatua anahama. Tafiti kadhaa zimeonyesha watoto wakisonga mbele kwa njia hiyo, na Zambia nayo imeichukua. Muulize kama watoto wa C wanaweza kuwa C kwenye kipindi cha kusoma tu, kisha warudi kwa wenzao kwenye sayansi, na tarehe ya kuwaangalia upya iandikwe tangu sasa. Anaweza kukataa. Ratiba na vyumba vina ugumu wake, na yeye ana watu wa juu wa kuwajibu.

Hamza umemtaja kwa mistari michache, ila namhofia naye. Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kuwa wana akili, baada ya kukutana na maswali magumu, walikata tamaa upesi na hata kudanganya kuhusu alama zao, kuliko waliosifiwa juhudi. Karatasi ile tupu huenda ndiyo hiyo. Mpe kazi ambayo hata wewe hujui jibu lake, mfanye pamoja, akuone ukikosea.

Kuhusu kumpenda Tunu, sidhani unahitaji kujitetea. Jiulize tu kama ungeandika barua hii kwa ajili ya mtoto msumbufu aliyepata 82.

Vyovyote utakavyoamua, mama yake Tunu muone kabla orodha haijabandikwa. Mweleze hiyo namba inasema nini na nini haisemi, na mweleze habari ya kiwanja kwa jina lake: jiometri. Suala la macho mwambie alianze wiki hii, halina haja ya kusubiri mkondo.